Kidole Hakijui Kukataa

Msikilizaji, Novemba mwaka 2017 ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ilitua Chennai, India, mahali ambapo haikupangiwa kutua. Tatizo halikuwa injini wala hali ya hewa. Ndani mlikuwa na mume, mke na mtoto wao mdogo. Mume akapitiwa na usingizi. Mke akauchukua mkono wa mumewe taratibu, akakigusisha kidole chake kwenye simu, simu ikafunguka, na humo akayakuta ya mumewe na mwanamke mwingine. Taarifa zilizotoka baadaye zilisema bibi yule alichachamaa hata wahudumu wakashindwa kumtuliza, ikabidi rubani ateremke India, familia nzima ikashushwa, na ndege ikaendelea na safari yake bila wao.

Dunia ilicheka. Wako waliomlaumu mume, wako waliomlaumu mke, na nadhani wako waume waliokwenda kimya kimya kwenye mipangilio ya simu zao wakafuta alama ya kidole. Mimi yaliyokuwamo ndani ya simu ile hayanihusu. Kinachonishughulisha ni kitendo chenyewe. Mwenye simu alikuwapo, yu hai, hakupigwa, hakutishwa, hata hakuulizwa, na simu yake ikafunguliwa kwa kiungo cha mwili wake mwenyewe. Kama ingekuwa ya kufunguliwa kwa namba, mkewe angelazimika kumwamsha. Na akishaamka, mambo ni mengine.

Nawasikia watu wakibishana vijiweni: kipi kina nguvu zaidi, kidole au nywila? Anayeuliza hutaka ashinde mmoja. Mimi naona vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, ndiyo maana ubishi hauishi. Kidole kinasema wewe ni nani. Namba ya siri inasema umekubali. Kidole unatembea nacho, unalala nacho, unaacha alama zake kwenye kila bilauri unayonywea, na yeyote mwenye nguvu kukushinda anaweza kukishika akakipeleka anakotaka. Namba iko kichwani, na haitoki humo mpaka uitoe mwenyewe, kwa hiari, kwa hofu au kwa uzembe.

Tuanze na upande ambao wataalamu wameuchezea sana, wa kughushi. Kidole kinaweza kughushiwa? Kinaweza, tena tangu zamani. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani, walitengeneza vidole vya bandia kwa jelatini, kitu kile kile kinachotumika kwenye peremende laini za watoto, wakavipeleka mbele ya mashine 11 za kusoma alama za vidole. Mashine zikadanganyika. Septemba 2013 Apple walitoa iPhone 5s, na kidole kikawa ndiyo mtindo wa mjini. Siku chache tu baada ya simu ile kuingia sokoni, mdukuzi wa Kijerumani anayejulikana kwa jina la Starbug, wa chama cha Chaos Computer Club, aliipiga picha alama ya kidole iliyobaki kwenye kioo, akaisafisha kwenye kompyuta, akaichapa kwa wino mzito, akamwagia kimiminika cha kugandisha, kilipokauka akakibandua na kukivaa kidoleni. Simu ikafunguka. Desemba 2014 huyo huyo alisimama mbele ya mkutano wa wadukuzi jijini Hamburg, akaeleza jinsi alivyoipata alama ya dole gumba la Ursula von der Leyen, wakati ule Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, kutoka kwenye picha zilizopigwa kwa kamera akiwa mbele ya waandishi wa habari. 

Visa hivi vinasimuliwa sana, na mimi nimevisimulia kwa sababu ni vitamu. Lakini tusidanganyane. Kijana anayekukwapulia simu pale Kariakoo au River Road hana jelatini wala hana haja ya picha zako. Anataka simu aiuze kabla jua halijazama. Hila za maabara ni za kumwinda waziri, balozi, mwandishi wa habari anayefuatwa. Ukiwa mmoja wao, una washauri wazuri kuliko redio.

Kuna kisa kingine cha kughushi ambacho hakikuhitaji maabara, na hiki kinatuhusu zaidi. Oktoba 2019 mwanamke mmoja nchini Uingereza alibandika protekta ya bei rahisi kwenye Samsung Galaxy S10 yake, halafu akagundua kwamba simu inafunguka kwa kidole cha mumewe, ambacho hakikuwa kimesajiliwa. Sensa ya simu ile iko chini ya kioo, na ilikuwa inasoma michoro ya ile protekta badala ya ngozi ya mtu. Samsung walikiri kasoro na wakatoa sasisho la kuirekebisha. Sasa mkumbuke yule kijana wa kando ya barabara anayebandika protekta za shilingi elfu mbili kwa dakika moja, akifuta kioo kwa shati lake. Ukishabandikiwa, kabla hujalipa, jaribu kufungua simu kwa kidole ambacho hukukisajili. Ikifunguka, mrudishie protekta yake.

Na namba je? Kwa hesabu tupu, namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja. Apple wao wanasema uwezekano wa kidole cha mtu baki kukubaliwa na sensa yao ni mmoja kati ya 50,000. Kwa hesabu hiyo kidole kinaishinda namba fupi. Ila hesabu hii inadhani watu huchagua namba kwa kubahatisha, na watu hawabahatishi. Mwaka 2012 mchambuzi wa data Nick Berry alikusanya namba za siri za tarakimu nne zilizokwisha kuvuja, kama milioni 3.4, akazihesabu. Karibu 11 katika kila 100 zilikuwa 1234. Zilizofuata ni 1111 na 0000, na kulikuwa na msururu mrefu wa namba zinazoanzia na 19, yaani miaka ya kuzaliwa. Tuseme ukweli, msikilizaji: jirani yako anaujua mwaka wako wa kuzaliwa, na mwanao wa kwanza alizaliwa mwaka ambao mtaa mzima ulikula pilau.

Mchoro nao, ule wa kuunganisha vidoti tisa, una njia 389,112. Zinaonekana nyingi. Lakini watu huchora herufi ya kwanza ya jina lao, wakianzia kona ya juu kushoto, na vidole vikiwa na mafuta ya chipsi huacha njia nzima kwenye kioo. Iinamishe simu kidogo kwenye mwanga uone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2010, ingawa watoto wa nyumbani nina hakika walikuwa wameshaligundua.

Halafu kuna macho. Ndani ya daladala iliyojaa au matatu ya jioni, mtu aliyesimama nyuma yako anaona kila unachobonyeza, na huna pa kujifichia. Hapa ndipo kidole kinapojipatia sifa yake halali, na sikinyimi. Mwaka 2023 gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilieleza kwa kirefu mtindo wa wezi wa kwenye mabaa: wanakaa karibu nawe, wanakutazama ukiandika namba ya kufungulia iPhone, kisha wanaiiba simu. Kwa namba ile tu waliweza kubadilisha nywila ya akaunti nzima ya Apple, wakamfungia mwenyewe nje ya picha zake za miaka na wakaingia kwenye programu za benki. Januari 2024 Apple wakaongeza ulinzi mpya: ukiuwasha, na simu ikiwa mbali na nyumbani au kazini kwako, mambo mazito kama kubadilisha nywila ya akaunti yanadai uso au kidole, na namba peke yake haikubaliwi. Kampuni ile ile iliyokuwa ikisema namba ndiyo ya mwisho ikalazimika kusema, kwa mambo fulani, mwili ndio wa mwisho.

Kwa hiyo ukiniuliza kwenye daladala, nitasema tumia kidole. Ukiniuliza kitandani, nitafikiri mara mbili.

Sasa kuna jambo ambalo wenye simu wengi hawalijui, na wauzaji hawana muda wa kulieleza. Kidole hakikuja kuiondoa namba. Jaribu kusajili kidole kwenye simu isiyokuwa na namba, nywila wala mchoro; itakataa, itadai kwanza uweke kimojawapo. Kwenye simu za kisasa, picha zako, ujumbe wako na majina yako vimehifadhiwa kwa maandishi yaliyovurugwa, na namba yako ndiyo inayoshiriki kutengeneza ufunguo wa kuyanyoosha. Kidole ni bawabu tu: anakujua kwa sura, anakufungulia kutwa nzima ili usisumbuke, lakini ufunguo si wake. Ndiyo maana ukiizima simu na kuiwasha, haisikilizi kidole, inadai namba. Ukikosea kidole mara tano kwenye iPhone, inadai namba. Usipoifungua kwa saa 48, inadai namba. Mtu anayesema, mimi nimeweka 1234 kwa sababu natumia kidole, ameajiri bawabu shupavu na kuuacha ufunguo juu ya kizingiti. Mwizi hatashindana na kidole chako. Ataizima simu, ataiwasha, ataandika 1234.

Namba inaweza kuwasumbua hata wakubwa. Baada ya mauaji ya watu 14 huko San Bernardino, California, Desemba 2015, FBI waliikuta iPhone 5c iliyotumiwa na mmoja wa washambuliaji, simu isiyo na sensa ya kidole. Mshambuliaji alikuwa ameuawa na namba alikuwa amekwenda nayo. Serikali ya Marekani iliipeleka Apple mahakamani ikiitaka iandike programu ya kuisaidia kuingia, Apple ikakataa. Machi 2016 FBI ikatangaza kwamba imepata njia kupitia watu wengine, na kesi ikaondolewa. Miezi mitatu na zaidi, dola yenye nguvu kuliko zote, na kitu kinachoitwa tarakimu.

Linganisha na kilichotokea Largo, Florida, mwaka 2018. Polisi walimuua mtu kwa risasi, kisha wapelelezi wakaenda hadi nyumba ya kutunzia maiti na simu yake, wakaushika mkono wa marehemu na kujaribu kidole chake kwenye sensa. Haikufunguka. Ndugu wa marehemu walikasirika, na nani asingekasirika? Huko Malaysia, mwaka 2005, wezi wa gari aina ya Mercedes lililokuwa likiwashwa kwa kidole walikwama walipotaka kuliwasha tena, wakamkata kidole. Sileti habari hii kukutisha. Kisa cha namna hiyo ni adimu sana. Naileta kwa sababu inaonyesha kitu kimoja waziwazi. Anayetaka namba yako lazima ashughulike na wewe: akubembeleze, akutishe, akudanganye. Anayetaka kidole anaweza kushughulika na kidole.

Mahakama za Marekani zimekuwa zikizunguka hapo hapo kwa zaidi ya miaka kumi. Katiba yao inamkinga mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Je, kufungua simu ni ushahidi? Mwaka 2014 jaji mmoja wa Virginia aliamua kwamba polisi hawawezi kumlazimisha mshtakiwa ataje nywila, maana iko akilini mwake, lakini wanaweza kumlazimisha aweke kidole, maana kidole ni kama kutoa sampuli ya DNA. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia majimbo ya magharibi ikasema kumwekesha mtu dole gumba kwenye simu si kumfanya aseme neno lolote. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. ikasema kinyume: kumwamuru mtu aifungue simu kwa dole gumba ni kumlazimisha akiri kwamba simu ni yake na anaweza kuingia ndani. Majaji wasomi, sheria moja, kidole kile kile, majibu mawili. Uingereza hawakutaka kuumiza kichwa: sheria yao ya mwaka 2000 kuhusu upelelezi inaruhusu kumtaka mtu atoe hata nywila, na akikataa anaweza kufungwa.

Labda unasema hayo ni ya ng'ambo. Basi turudi nyumbani, maana kwetu kidole kina historia ndefu kuliko simu.

Historia hiyo inaanzia India. Mwaka 1858 huko Bengal, ofisa wa Kiingereza William Herschel alikuwa akiingia mkataba wa vifaa vya kujengea barabara na mkandarasi wa hapo, Rajyadhar Konai. Akampaka wino kiganja na kumwambia akikandamize nyuma ya karatasi. Hakuwa na nadharia yoyote ya sayansi wakati ule. Alitaka kumtia hofu yule bwana asije kesho akasema, sahihi hii si yangu. Tuliangalie jambo hili vizuri: tangu siku ya kwanza ya kazi yake katika makaratasi ya dola ya Kiingereza, alama ya mkono iliwekwa ili mwenyewe ashindwe kukana. Haikuwekwa kulinda siri zake. Miaka 39 baadaye Kalkuta ilikuwa na ofisi ya vidole, na vichwa viwili vya Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ndivyo vilivyoufanyia kazi kubwa mfumo wa kuvipanga, ingawa mfumo ulipewa jina la bosi wao, Edward Henry. Hayo ndiyo mambo ya mabosi.

Mfumo ukavuka bahari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16 kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, kumbukumbu za ajira na alama za vidole, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kukutwa bila kipande kulimaanisha faini au jela. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kukamatwa kwake Machi 1922 kulimwaga damu Nairobi. Kinachonichekesha, kama kicheko ndilo neno, ni kilichotokea baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilipotaka kuandikisha watu wa rangi zote, walowezi wa Kizungu walipoambiwa nao waweke vidole walipandwa na hasira. Vidole ni vya wahalifu, walisema. Serikali ikalegeza kamba, ikatafuta njia ya picha na sahihi kwa wanaojua kuandika. Walijua, kuliko wanavyojua wengi wetu leo, kwamba kutoa kidole na kutia sahihi si jambo moja.

Ndiyo maana sikushangaa sana na yaliyotokea wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole nchini Tanzania. Zoezi lilianza Mei 2019, mwisho ukapangwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Foleni za kitambulisho cha taifa, cha NIDA, mnazikumbuka. Lengo halikuwa baya: wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wametuchosha, na bado wametuchosha. Lakini ndani ya zoezi lile kukaota ujanja. Unaweka kidole, wakala anakwambia, haijasoma, rudia. Unarudia. Weka cha pili. Unaweka. Unaondoka na laini moja, na nyuma yako kuna laini nyingine mbili zenye jina lako, mikononi mwa mtu usiyemjua. Kidole hakikusema, hii ni ya laini ipi? Kilisoma tu. Kwa bahati njema kuna dawa ya haraka: piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ambayo si yako, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kwa haki ya watengeneza simu. Kidole unachosajili kwenye simu yako nzuri hakisafiri. Simu haihifadhi hata picha yake. Inahifadhi hesabu za michirizi yake katika sehemu ya chipu iliyotengwa, na programu unazozipakua haziwezi kuzisoma. Programu ya benki ikisema weka kidole, inachopata ni jibu la simu: ndiyo au hapana. Kidole unachompa wakala, ofisi ya uhamiaji au mashine ya mahudhurio kazini ni habari nyingine. Hicho kinaingia kwenye ghala la mtu. Na maghala huvunjwa: mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi wameondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila ikiibwa unaweka nyingine jioni ile ile. Wale watu milioni 5.6 watabadilisha nini?

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anaogopa kuweka kidole kwenye simu yake mwenyewe, halafu anakigawa kwa kila mwenye meza na mwavuli, naona hofu yake imekosea njia. Nchini Kenya, watu walipanga foleni Nairobi mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali, hadi serikali ikasimamisha Agosti mwaka ule. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Sheria zipo. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinampa mwenye taarifa haki ya kuuliza: mnazitaka za nini, mtaziweka wapi, mtazifuta lini? Ni wachache wanaouliza, kwa sababu nyuma yao foleni inanung'unika.

Wako pia ambao mjadala huu wote unawapita kando. Fundi mwashi anayeshika saruji kila siku, mama anayefua kwa sabuni kali, mkulima wa katani, mzee wa miaka 80: michirizi yao imesuguliwa, na sensa inawakataa. Kuna hata dawa ya saratani, capecitabine, inayoweza kuufuta mchirizi wa kidole. Msafiri mmoja kutoka Singapore aliyekuwa akiitumia alizuiwa uwanja wa ndege wa Marekani kwa saa kadhaa kwa sababu mashine haikuona kitu. Kama mzazi wako ni mmoja wao, usimlazimishie kidole. Mwekee namba anayoweza kuikumbuka ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa. Ya tarakimu sita. Namba ya nyumba ya zamani, chochote ambacho wajukuu hawakijui.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Angalia ni vidole vingapi vimesajiliwa kwenye simu yako. Simu hupokea kadhaa na haiulizi ni vya nani, na kuna wenza waliojisajili wakati mwenzao yuko bafuni. Zima maandishi ya ujumbe yasionekane juu ya simu iliyofungwa, maana namba za uthibitisho za benki hutokea hapo hapo hata kama simu imefungwa kwa kufuli saba. Ukihisi unaelekea mahali ambapo mtu anaweza kukushika mkono, zima simu, au kwenye iPhone bonyeza kitufe cha pembeni na cha sauti kwa pamoja uvishikilie. Android nyingi tangu toleo la 9 zina sehemu ya kuifunga kabisa kwenye menyu ya kuzimia. Baada ya hapo kidole hakitasikilizwa mpaka namba iandikwe.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalotupata sisi zaidi ya majirani wa Ulaya. Fedha zetu ziko kwenye laini. Ukipiga namba za huduma za fedha, *150*00# au *334#, kidole hakiulizwi, nywila ya simu haiulizwi. Inaulizwa namba ya siri ya tarakimu nne. Mwizi aliyeshindwa na kidole chako hahangaiki. Anachukua pini, anachomoa laini, anaichomeka kwenye kiswaswadu chake. Sasa ujumbe wako wote mpya unaingia kwake, ikiwemo ile namba ya uthibitisho inayotumwa mtu akisema amesahau nywila ya barua pepe, au anapotaka kuihamisha WhatsApp yako. Kwa hiyo mambo matatu. Namba ya siri ya fedha isifanane na ya kufungulia simu. WhatsApp iwekewe namba yake ya pili, ile ya hatua mbili, ipo kwenye mipangilio ya akaunti. Na laini yenyewe ifungwe.

Wengi hawajui kama laini inafungwa. Inafungwa. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta kufuli la SIM, uliwashe; kila simu inapowashwa au laini inapohamishwa, itadai namba. Kuwa mwangalifu hapa: laini huja na namba ya kuanzia iliyopangwa na mtandao, na ukibahatisha ukakosea mara tatu, laini itajifunga na kudai namba ndefu ya PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Waulize kwanza huduma kwa wateja. PUK yako iliandikwa kwenye lile kadi la plastiki ulilobandulia laini siku uliponunua, ukalitupa pale pale chini ya mwavuli wa wakala. Kama huna, nenda dukani kwao na kitambulisho chako. Watakuangalia, watakuuliza maswali mawili matatu, halafu watakusogezea kile kimashine chenye mwanga mwekundu na kukwambia uweke kidole.